Mbwa Asobweka

Mtu akija kuniambia anapenda mbwa, simwamini. Sisemi ni mwongo. Nasema simwamini kwanza, mpaka nitazame viatu vyake, nimsikie akieleza nyumba yake, na nijue ni nani atakayeshinda na huyo mbwa yeye akiwa kazini. Ninyi vijana mnaoniletea simu zenu, "Bi Sidi, hebu tazama huyu, si mzuri?", mnadhani ni uzee umenifanya mkali. Sivyo. Nilikuwa hivi nikiwa na umri wenu, na ni kazi iliyonifanya hivi.

Nimefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye mabanda ya mbwa ya daktari mmoja wa mifugo hapa Tudor, upande wa kushukia majini. Watu wakisafiri walituachia mbwa wao. Wengine walituletea wa kuuza, wengine walikuja kununua, au kuchukua wale waliotupwa. Nilianza nikifagia. Nilimaliza nikiwa ndiye mwenye kuamua nani apewe mbwa gani, na daktari akitia sahihi tu. Mimi ni Mrabai, nimelelewa Majengo, na mamangu alilia nilipomwambia nimepata kazi ya mbwa. Majirani Waislamu walinihurumia, na Wakristo wenzangu nao hawakuona sifa yake. Nilioga kazini kila jioni kabla ya kurudi nyumbani, na bado mtaani nikaitwa Mama Mbwa.

Nilivyoanza kutoamini watu ni hivi. Mwaka wangu wa pili alikuja bwana mmoja amevaa vizuri, mkononi ana mtoto wa mbwa, mgongo mweusi, miguu rangi ya mchanga, masikio yamesimama. Jemani shepadi halisi, akasema, baba yake alitoka ng'ambo. Nilifurahi mno. Siku hiyo Mzee Katana, aliyekuwa mkuu wa mabanda, hakuwapo, nikajiona nimekuwa mkubwa. Nikamwandika yule mbwa kwenye daftari kuwa wa jamii safi, na juma hilohilo akachukuliwa na mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa akitafuta mlinzi wa nyumba.

Baada ya siku chache yule mwalimu mkuu akarudi naye amemfunga kamba ya manila. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Bi Sidi, mbwa wako anachujuka."

Alikuwa amepakwa piko. Piko ileile tunayopakwa mikononi siku za harusi. Kila alipooshwa mgongo ulizidi kufifia, na chini yake palikuwa na mbwa koko wa rangi moja. Masikio nayo yalikuwa yamesimamishwa kwa plasta iliyobandikwa kwa ndani. Mzee Katana alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la unga. Alipomaliza kucheka akanifundisha. Mtoto wa mbwa usimtazame mgongo. Tazama nyayo, tazama meno, halafu mwambie muuzaji, "Nipeleke kwa mama yake." Mwenye mbwa wa kweli atakupeleka. Mwongo atakwambia mama amekufa, au yuko Nairobi. Hata leo picha zenu za simu nazijibu hivyohivyo. Mama yake yuko wapi?

Huyo Mzee Katana alikuwa Mgiriama mrefu, hapendi maneno mengi. Jambo kubwa alilonifunza halikuhusu mbwa. Aliniambia, "Usimuulize mtu anataka mbwa gani. Atakutajia aliyemwona kwenye sinema. Muulize jana alifanya nini, tangu alipoamka hadi alipolala."

Nimeuliza swali hilo maisha yangu yote ya kazi. Kuna kijana mmoja wa kazi ya mizigo bandarini, anakaa ghorofa ya nne hapahapa Tudor, alitaka mbwa wa barafuni, wale wenye macho ya buluu na manyoya kama godoro. Akaniambia yeye kila alfajiri hukimbia mpaka mnarani na kurudi, kwa hivyo mbwa atapata mazoezi. Nikatazama viatu vyake vya raba. Soli nyeupe kama imetoka dukani.

"Jana ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Jana kazi ilikuwa nyingi."

"Na juzi?"

"Juzi mvua, mama."

"Juzi haikunyesha."

Alikasirika akaenda kununua kwingine. Msimu wa joto ulipoingia, yule mbwa alilala chooni kutwa, kwenye vigae, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na ubaridi nyumbani mule. Tuliletewa akiwa amekonda, ana kupe hadi katikati ya vidole. Mbwa hana kosa. Aliyekosa ni yule aliyenunua mbwa wa maisha anayoyatamani, akamleta kwenye maisha aliyo nayo.

Kwa hivyo nikawa mtu wa kushuku. Mteja akisema ana uwanja, nilitaka kuuona. Akisema mke wake amekubali, nilitaka kumsikia mke. Mara nyingi nilikuwa sawa, na hapo ndipo palipo hatari, kwa sababu mtu akishuku mara nyingi akawa sawa, huacha kujishuku yeye mwenyewe. Ninalowaambia sasa ni siku niliyokosea. Nimekaa nalo muda mrefu.

Asubuhi moja, miaka michache kabla sijastaafu, tuktuk ilisimama langoni na akashuka mwanamke wa makamo ya juu, buibui safi, glavu nyeusi mikononi, amejifukiza udi. Alijitambulisha kwa jina la Bi Zuhura, mjane, mwenyeji wa Mji wa Kale. Si kwamba wenyeji wa Mji wa Kale hawakuwahi kuja kwetu. Walikuja wanaume, kutafuta mbwa wa kulinda bohari au shamba. Mwanamke wa pale, peke yake, kutaka mbwa wa nyumbani, huyo nilikuwa sijamwona.

"Sabalkheri, Bi Zuhura. Nikusaidie nini?"

"Sabalkheri. Nataka mbwa asobweka."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Asiyebweka? Wa kulinda?"

"Wa kulinda. Lakini asobweka. Majirani zangu hawatastahamili kelele za mbwa ukutani."

Ninyi fikirini. Mlinzi asiyebweka ni mlinzi gani? Mbwa wa kulinda kazi yake ni sauti. Meno hayafiki popote kabla ya sauti. Anayetaka mbwa kimya, nilijua mimi, ni mtu asiyetaka mgeni ajue kuna mbwa mpaka amshike mguu. Na mtu wa namna hiyo ana kitu ndani.

Halafu kulikuwa na jambo la pili. Wakati tunazungumza mbwa wote wa mabandani walikuwa wakibweka, kama kawaida yao mgeni akiingia. Kila mtu asiyewazoea hushtuka. Wengine huziba masikio, wengine hurudi langoni. Bi Zuhura alisimama palepale, hata kope hakupepesa. Nikajiambia, huyu amezoea mbwa, na anajifanya hajui.

Jambo la tatu lilikuwa majibu yake.

"Nyumba yako ina ngazi?" nilimuuliza huku nikifungua daftari.

"Naishi peke yangu," akajibu.

"Nimeuliza ngazi."

Akaninyoshea uso, akanitazama mdomoni kama anayesubiri niteleze. "Ndiyo, ngazi zipo. Mbwa atakaa chini, mimi nakaa juu. Nimeshauliza kwa wenye elimu ya dini, mbwa wa kulinda si neno, ila mate yake yasinifike. Ndiyo nataka pia asolamba."

"Jana ulifanya nini, tangu ulipoamka?"

"Sikufanya kitu," akasema. "Nilikaa."

Mtu anayekaa kutwa nzima bila kufanya kitu hahitaji mlinzi, yeye mwenyewe ndiye mlinzi. Nikafunga daftari. Nikamwambia kwamba kwa utaratibu wetu lazima nikague nyumba kwanza, nitakuja juma lijalo. Hakufurahi, lakini alinielekeza njia.

Nilikwenda siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Nyumba ilikuwa ya zamani, ghorofa moja, mlango wa mbao nzito, baraza ya saruji nje na kichochoro chembamba mbele. Nikapiga hodi. Kimya. Nikabisha kwa mkono, nikabisha kwa ufunguo, nikapiga hodi tena kwa sauti ya Majengo, ambayo si ndogo. Kimya. Nikarudi nyuma hadi ukuta wa pili wa kichochoro, nikainua macho. Dirisha la juu lilikuwa wazi, na Bi Zuhura alikuwa amekaa pale, upande wa uso wake naona waziwazi, anashona ukingo wa kitambaa. Nikaita jina lake. Aliendelea kushona.

Jirani wa mkabala akatoa kichwa dirishani. "Huyo siku hizi hafungui mtu," akaniambia. "Watu wanabisha mpaka wanachoka. Ana maringo, au kuna anachokificha. Muulize mwanawe, Fuad, ana duka la kanga Biashara Street."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kurudi nyumbani nikafikiri. Sikurudi. Nilikuwa na hakika yangu, na hakika ina haraka. Nilipita hadi Biashara Street, nikalipata duka, nikamkuta Fuad anakunja kanga za mteja. Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, sauti ya upole. Nikamweleza mimi ni nani, na kwamba mama yake ametaka mbwa wa kimya, na kwamba nilipokwenda aliniona akanifungia mlango.

Kanga ilibaki mikononi mwake nusu imekunjwa. "Mama yangu? Mbwa?"

"Ndiyo, mwanangu. Nimeona heri ujue. Huenda kuna mtu anamtumia."

Alinishukuru. Alinipa hata soda. Nilipanda matatu nikirudi kazini nimejaa sifa, kama askari aliyekamata mwizi.

Siku tatu baadaye Bi Zuhura alikuja. Safari hii hakusalimia. Nilikuwa nasugua sakafu ya banda la kwanza, akaja akasimama juu yangu mpaka nikainuka.

"Umenisema kwa mwanangu," akasema.

"Bi Zuhura, nilipiga hodi nyumbani kwako. Ulikuwa dirishani. Hukutaka kunifungulia."

Bi Zuhura akageuka akayatazama mabanda, yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mbwa walikuwa wamerukia nyavu za mabanda, wamewaka.

"Hawa mbwa wako," akaniuliza polepole, "sasa hivi wanabweka?"

"Wanabweka."

"Sana?"

"Sana."

"Mimi naona midomo yao tu."

Nilisimama na brashi mkononi, maji yananichuruzika miguuni. Alinieleza akinitazama mdomo, sasa nikajua kwa nini. Mwaka wa pili huu. Lilianza sikio moja, likafuata la pili. Anasikia mngurumo, kama mtu aliye chini ya maji, basi. Alijifunza kusoma midomo, na yule anayemvizia kwa swali asilolitarajia humkosesha, kama nilivyomkosesha mimi kwa ngazi zangu. Hakumwambia mtu. Mumewe alikuwa amefia katika nyumba ile, watoto wote walizaliwa mle, na Fuad alikuwa ameshaanza kumwambia ahamie kwake, ghorofani Tudor. Akijua mama hasikii, hapatakuwa na mjadala tena. Watu wakabisha mlango, hakusikia, wakasema ana maringo. Alikubali aitwe mwenye maringo.

Ndiyo maana alitaka mbwa. Kubweka kungemfaidia nini? Kungewaamsha majirani peke yao. Alitaka mnyama atakayemjulisha kwa njia nyingine kuwa kuna mtu mlangoni.

"Na sasa?" nikamuuliza.

"Sasa Fuad alikuja kwa hasira ya mbwa, akanipigia kelele, mimi nikawa namjibu yasohusiana. Akayua kuwa sisikii. Amenipa mwezi mmoja nifunge vitu." Akavuta buibui yake vizuri. "Nimekuja uyue ulilofanya. Sitaki kitu tena."

Akaondoka. Nilimfuata hadi langoni, nikamshika glavu, nikamzungusha anione mdomo. Nikamwambia, "Mwezi unatosha kumfunza mbwa. Fuad akija kubisha, utamfungulia."

Aliitikia kwa kichwa, lakini mimi sikuwa na uhakika hata kidogo kama unatosha. Nimefunza mbwa kukaa, kulala, kutokula cha mgeni. Hili sikuwahi. Lakini tulianza na kuchagua, na hapa vijana nisikilizeni, maana watu wengi hukosea hapa. Jemani shepadi nilimwondoa kwanza. Ni mwerevu, lakini hutaka kazi kuanzia asubuhi hadi jioni, na manyoya yake yanapukutika mpaka kwenye chai. Spitsi mweupe hubweka hata akiona mjusi. Labrada ana moyo mzuri, ila ulimi wake hauna adabu, na kwa Bi Zuhura ulimi ndio uliokuwa tatizo kubwa. Mate yakimgusa ni kujitoharisha mara saba, mojawapo kwa udongo. Nani angeweza kuishi hivyo?

Nikaacha kuwaza majina. Nikachukua kifuniko cha sufuria, nikawa nakiangusha nyuma ya ukuta, huku nimekaa kimya na mbwa mmojammoja. Wapo waliokimbia kwenda kwenye sauti wasirudi. Wapo waliojificha. Wengi walibweka. Siku ya tatu nilimjaribu jike mmoja mwembamba, koko, manyoya mafupi rangi ya mdalasini, tuliyemwita Tausi kwa mzaha kwa sababu hakuwa na uzuri wowote. Kifuniko kikalia. Tausi akaenda, akachungulia, akarudi kwangu, akanisimamia. Hakubweka. Alisimama akanitazama usoni kama mtu aliyeleta habari na anangoja jibu. Nikaangusha tena. Akaenda, akarudi.

Mbwa wa namna hiyo hapatikani kwa kutaja jamii. Alikuwa ameokotwa jalalani Majengo.

Pua ya mbwa huwa na umajimaji, kwa hivyo hakuweza kumgusa Bi Zuhura. Tukafikiria kengele, nikajicheka mwenyewe. Mwishowe ni Bi Zuhura aliyepata. Alitoa kamba nene, akaifunga fundo mwisho, ikaning'inia ukumbi wa chini mahali pa mbwa, ikapanda kwenye uwazi wa ngazi, ikapita kwenye kipete cha ukutani, na juu, mbele ya kiti chake, akaifunga kipande cha kanga nyekundu. Chini ukivuta, juu kanga inaruka. Kila jioni baada ya kazi nilikwenda Mji wa Kale. Mtu wa kubisha mlango nilikuwa mimi. Nabisha, naingia, namwelekeza Tausi kwenye fundo, anavuta, anapata kipande cha pweza mkavu. Majirani waliniona nikibisha mlango wa watu mara thelathini kwa jioni moja, na yule wa mkabala akaacha hata kuniuliza.

Juma la kwanza Tausi alivuta kamba kwa kila kitu. Mkokoteni ukipita, anavuta. Paka akipita, anavuta. Bi Zuhura alishuka ngazi mpaka magoti yakavimba. Juma la pili alianza kuchagua. Juma la tatu kuna siku hakuvuta kabisa, na nikalala nikimshuku hata mbwa.

Na nilimshuku Fuad. Niseme kweli. Niliona ile nyumba, mlango ule, dari ya boriti, nikajua watu wanazitaka nyumba kama zile. Nikajiambia upole wa huyu bwana una nia. Nilimngojea siku ya mwisho ya mwezi kama ninavyomngojea muuza mbwa wa piko.

Alikuja alasiri. Mimi nilikuwa juu na mama yake, tumekubaliana nisishuke wala nisimwonyeshe dalili yoyote. Nilisikia akibisha, mara tatu, polepole. Bi Zuhura alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Sikumtazama. Nilitazama kile kipande cha kanga, na kilikuwa kimetulia. Nikahesabu moyoni. Nikasikia kucha za Tausi kwenye sakafu ya chini, zikienda mlangoni, zikasimama, zikarudi.

Kanga ikaruka.

Bi Zuhura akaweka sinia chini, akajifunga mtandio, akashuka. Nikasikia komeo likifunguliwa na sauti yake ikisema, "Karibu, Fuad."

Hakuingia. Nilichungulia dirishani nikamwona amerudi nyuma kichochoroni, mama yake amefunga mlango na kupanda juu. Akabisha mara ya pili, kwa kidole kimoja, kidogo sana, hata mimi kwa shida nilisikia. Kanga ikaruka. Mama yake akashuka akafungua. Akamwambia tena apande. Akabisha mara ya tatu. Baada ya hapo alikaa kwenye baraza ya nje, kofia amevua ameishika mikononi.

Nilishuka nikakaa ncha ya pili ya baraza. Nilikuwa nimeandaa maneno makali.

"Bi Sidi," akaanza yeye, "wiki moja kabla hujaja dukani kwangu nilisimama hapa. Nilibisha, nikaita, karibu nusu saa. Nikajua amekufa mle ndani. Nilikuwa natafuta mtu wa kuvunja mlango, halafu nikamwona anapita dirishani na kikombe cha chai." Akapangusa uso kwa kofia. "Sikumwambia. Niliogopa kumuuliza kwa nini hanifungulii. Nilidhani amenichukia."

Maneno yangu makali sijui yalikwenda wapi. Nilimtazama huyu mtu niliyekuwa nimempa hukumu tangu siku ya soda, nikaona ni mtoto aliyesimama juani akibisha mlango wa mama yake.

Bi Zuhura hakuhama. Haikuwa rahisi hivyo, msidhani. Fuad alitaka ndugu zake wote wajue, mama akakasirika akakaa siku kadhaa bila kusema naye. Fuad alitaka ampeleke hospitali, mama akakataa, kisha akakubali. Wakampa kifaa cha kuvaa sikioni. Alikivaa siku mbili, akasema kinamletea kelele za pikipiki na si za watu, akakitia kwenye kopo la biskuti. Tausi akabaki chini, na sahani yake, na brashi yake, na glavu zake mbili za mpira zilizoning'inizwa msumarini. Majirani wakaanza kubisha tena walipoona mlango unafunguliwa.

Mimi niliendelea kwenda hata baada ya kustaafu. Kila Alhamisi huenda kumkagua mbwa, nasema, lakini mbwa hana haja ya kukaguliwa. Na katika siku zote hizo sikuwahi kumwomba Bi Zuhura radhi kwa kwenda Biashara Street. Nilifunza mbwa, nilibisha mlango, nilileta pweza mkavu, lakini neno lenyewe sikulitoa. Kumwambia mtu samahani huku anakutazama mdomo, herufi kwa herufi, ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani.

Alhamisi iliyopita alikuwa amenipa mgongo, anamimina kahawa mezani. Nikaona ndiyo nafasi yangu ya woga. Nikasema kwa sauti ya chini, nikiutazama ukuta, "Bi Zuhura, nilikudhania mabaya, nikakutolea siri yako. Nisamehe."

Alimalizia kumimina kikombe cha pili. Akaliweka buli chini, akageuka, akasogeza ukingo wa mtandio wake kwa kidole.

"Leo nimekivaa," akasema. "Haya, sema ukinitazama."

Nikaona kile kifaa kidogo nyuma ya sikio lake. Nikaweka mikono yangu magotini, nikainua uso, nikasema tena.